Maji Yasisimame: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Nimonia ya Lejionela katika Hoteli, Pisini na Jakuzi za Lubumbashi

Mgeni akilala hotelini Lubumbashi siku 3, akaoga maji ya moto asubuhi na jioni, kisha akarudi kwake Likasi au Kolwezi na kushikwa na homa kali baada ya juma moja, hakuna mtu atakayelikumbuka lile bafu. Nyumbani watasema ni malaria, na kituo cha afya kitapima malaria kwanza, jambo ambalo ni la haki. Kikohozi kikizidi, atapewa amoksisilini. Ikiwa kilichomwingia mapafuni ni bakteria wa lejionela, dawa hiyo haitamponya, na wakati huohuo wageni wengine wataendelea kuoga katika chumba kilekile. Nimeuandika mwongozo huu kwa wenye hoteli, nyumba za wageni, vyumba vya mazoezi na pisini (mabwawa ya kuogelea) za mji wetu, na zaidi kwa mafundi wao wa maji, kwa sababu mtu wa kwanza kuuzuia ugonjwa huu ni yule anayeshika ufunguo wa chumba cha pampu.

Ugonjwa wenyewe na jinsi unavyompata mtu

Mwezi wa 7 mwaka 1976, askari wastaafu wa chama cha American Legion walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia, Marekani. Watu 221 waliugua nimonia kali na 34 kati yao wakafa, na ilichukua miezi mpaka Januari 1977 watafiti walipotangaza kwamba wamemwona bakteria aliyesababisha maafa hayo. Jina la lejionela limetoka kwa wastaafu hao. Mwaka 1999, katika maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, chanzo kilikuwa jakuzi, yaani beseni la maji ya moto yenye povu, iliyowekwa ionekane na wanunuzi. Wengi wa waliougua hawakuyagusa maji yake, walipita kando tu, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Mwaka 2002, mjini Hyuga, Japani, watu karibu 300 waliugua kutokana na nyumba mpya ya kuogea umma, na 7 wakafa.

Mkasa wa Uholanzi ndio unaoueleza ugonjwa huu vizuri kuliko yote. Lejionela kwa kawaida haimpati mtu kwa kunywa maji kama kipindupindu, wala kwa kulowa. Humwingia anapovuta pumzi yenye matone madogo mno ya maji, yale yanayoelea hewani kama ukungu wakati dushi inapofunguliwa, povu la jakuzi linapopasuka au chemchemi ya mapambo inaporusha maji. Matone hayo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na huko bakteria huingia katika zile chembe za mwili ambazo kazi yake ni kuwala, wakazaliana humohumo. Mgonjwa kwa kawaida hamwambukizi mwenzake, kwa hiyo watu wawili wa hoteli moja wakiugua, wameyavuta maji yaleyale.

Dalili huanza siku 2 hadi 10 baada ya mtu kuvuta matone hayo, na mara nyingine huchelewa hadi siku 14: homa kali, kikohozi kikavu, maumivu ya misuli na kichwa, kukosa pumzi, mara nyingi kuhara, na kwa baadhi kuchanganyikiwa akili. Katika kila wagonjwa 100, kati ya 5 na 10 hufa, na idadi hupanda dawa sahihi inapochelewa. Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wavutaji sigara, wenye kisukari, wenye maradhi ya mapafu au figo, na wote ambao kinga yao imepungua, wakiwemo wanaoishi na VVU bila matibabu. Iko pia sura nyepesi iitwayo homa ya Pontiac, iliyoonekana Michigan mwaka 1968, ambayo huisha yenyewe baada ya siku chache bila kugusa mapafu.

Yupo pia asiye na sababu ya kuogopa. Mkaaji wa mitaa ya Katuba au Kenya hapa mjini anayeoga kwa ndoo na kopo hafanyi ukungu wa kutosha kumdhuru. Hatari imo katika vifaa vile ambavyo hoteli hujivunia.

Kwa nini mji wetu unahitaji uangalifu wa pekee

Chini ya digrii 20 lejionela hulala tu bila kufa. Kati ya 20 na 45 huzaliana, hasa karibu na joto la mwili wa binadamu. Kwa digrii 50 hufa polepole kwa muda wa saa nyingi, na kwa digrii 60 hufa katika dakika chache. Nambari hizi ziandikwe ukutani mwa chumba cha mashine, kwa kuwa kazi yote inayofuata inatokana nazo.

Sasa tazama siku ya kawaida kwetu. Umeme wa shirika la SNEL unakatika saa 4 asubuhi, na boila iliyokuwa na maji ya digrii 60 inapoa kidogo kidogo ikaingia katika joto lilelile ambalo bakteria hulipenda. Maji ya shirika la REGIDESO nayo yanakatika, hoteli inategemea tanki lililo juu ya vyuma, jua la Oktoba likilichoma kutwa, na ile klorini kidogo iliyokuja na maji ya bomba inapungua siku hadi siku hadi kwisha. Wenye foraji yao, yaani kisima kilichochimbwa kwa mashine, hudhani wamesalimika, lakini maji ya foraji hayana klorini hata kidogo mpaka mtu aitie. Mwishoni, katika miezi ambayo wageni ni wachache, vyumba vya mwisho wa ujia hukaa wiki 3 bila mtu kufungua robine, yaani koki ya maji. Delestaji (huko kukatwa kwa umeme), tanki la juani na chumba kitupu vina jambo moja linalovifananisha: maji yamesimama yakiwa vuguvugu bila klorini.

Hatua ya kwanza: chora njia ya maji

Chukua karatasi kubwa, anzia pale maji yanapoingia kiwanjani, na ufuate bomba kwa miguu yako hadi robine ya mwisho. Andika kila tanki na ukubwa wake, kila boila, kila pampu, kila dushi, jakuzi, pisini, chemchemi ya bustani, hata mpira wa kumwagilia maua. Usimwulize mwenye nyumba peke yake. Muulize fundi aliyejenga, mtunza bustani na sentineri wa usiku, kwani mara nyingi ndiye anayejua ni robine gani iliyofungwa tangu mwaka juzi.

Unachokitafuta hasa ni mabomba yasiyokwenda popote. Bafu lilivunjwa likawa stoo, dushi ikang'olewa, lakini bomba lake likaachwa ukutani likiwa limezibwa kwa kifuniko. Ndani ya kipande hicho maji hayaondoki kamwe, utando wa utelezi hujijenga, na ndani ya utando huo lejionela hujificha, tena hukaa hata ndani ya ameba, viumbe vidogo vinavyomkinga dhidi ya klorini. Kutoka hapo hurudi katika bomba linalotumika kila siku. Kipande cha namna hiyo kikatwe kwenye makutano yake, karibu kabisa na bomba kuu, kwa kuwa kukiziba mwishoni hakusaidii lolote.

Hatua ya pili: nunua vipimo viwili na uvitumie

Unahitaji kipimajoto cha maji kinachofika digrii 100, na sanduku dogo la kupimia klorini na pH (kiasi cha uchachu wa maji), lile lenye vichupa na vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi. Vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi vinafaa kwa haraka, ila vikikaa katika joto na unyevu hudanganya.

Jambo moja nililojifunza kwa kukosea: klorini ikizidi mno, rangi ya waridi hutokea kwa nukta moja kisha hufifia, na kichupa hubaki cheupe kana kwamba hamna klorini kabisa. Fundi asiyelijua hilo huongeza dawa nyingine juu yake. Ukiona weupe usioutarajia, changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tisa za maji safi yasiyo na klorini, pima tena, kisha uzidishe jibu mara 10.

Usiitegemee pua. Ile harufu kali inayowachoma wageni macho, ambayo wengi huisifu kuwa ni ya pisini safi, hutoka kwa klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, yaani klorini iliyochoka. Klorini iliyo huru, yaani ambayo bado haijaungana na uchafu, ndiyo inayoua bakteria, nayo hunuka kidogo sana.

Hatua ya tatu: boila

Weka kidhibiti cha boila kwenye digrii 60 na upime maji yanayotoka, kwa sababu namba iliyo kwenye kitufe haiaminiki baada ya miaka miwili ya kazi. Kisha nenda kwenye dushi iliyo mbali kuliko zote, fungua maji ya moto, na upime baada ya dakika moja: yanapaswa kufika digrii 50 au zaidi. Yasipofika, ama bomba ni refu mno bila kufunikwa, ama boila ni ndogo kwa idadi ya vyumba.

Wapo wenye hoteli wanaoshusha boila hadi digrii 45 ili kupunguza gharama ya umeme na ili mtoto asiungue. Hoja ya kuungua ni ya kweli, kwani maji ya digrii 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Ila dawa yake ni kufunga kifaa cha kuchanganya maji karibu na robine, ili tanki libaki na digrii 60 na mgeni apate 40 hivi. Ukishusha boila yenyewe, umewatengenezea bakteria kitalu.

Umeme ukikatika kwa zaidi ya saa chache, boila isirudi kutumiwa mara tu taa zinapowaka. Ipe muda ipande tena hadi 60 na ikae hapo saa moja ndipo wageni waoge. Ni vigumu kumweleza hivyo mgeni aliyetoka safari ya Kasumbalesa akiwa na vumbi mwilini, nalifahamu hilo, na ndiyo maana nashauri hoteli zenye jenereta ziiunganishe boila moja angalau nayo, au zitumie boila ya jua ikiwa na kipasha joto cha ziada. Boila ya jua peke yake, katika asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 ambapo baridi ya Lubumbashi humfanya mtu avae koti, mara nyingi huamka na maji ya digrii 30.

Kila miezi mitatu fungua robine ya chini ya boila na umwage mpaka maji yatoke safi. Utaona yanaanza kahawia, yenye chembe za kutu na vipande vyeupe vya chokaa. Matope hayo ni chakula na makazi ya bakteria, tena joto la chini ya tanki haliwi sawa na la juu.

Hatua ya nne: matanki

Tanki liwe na mfuniko unaobana, wavu mdogo kwenye bomba la kufurikia, na kivuli. Paa dogo la bati juu ya tanki, lililoachiwa nafasi ya upepo kupita, hugharimu kidogo na hushusha joto la maji kwa kiasi unachokihisi kwa mkono. Tanki pia lisiwe kubwa kupita haja. Najua hofu ya kukatikiwa maji inatufanya tununue lita 10,000, lakini nyumba yenye vyumba 6 inayotumia lita 1,000 kwa siku huwa inawapa wageni wake maji ya siku 10.

Angalau mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya matengenezo, tanki lioshwe na kutiwa klorini kwa mpangilio huu. Zima boila, mwaga maji, sugua kuta kwa burashi, suuza na umwage tena. Lijaze maji safi, kisha tia klorini hadi kufikia miligramu 50 kwa lita. Kwa klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70, tanki la lita 1,000 linahitaji gramu 72 hivi, na la lita 5,000 gramu 360. Koroga unga kwanza ndani ya ndoo ya maji, ukitia unga juu ya maji na si maji juu ya unga, vaa glovu na miwani, na fanya kazi hiyo nje. Ukimimina tankini, fungua robine moja moja kuanzia iliyo karibu mpaka klorini ionekane kwenye kipimo, zifunge, na uache saa moja. Katika muda huo kila robine iwe na karatasi ya onyo ili mtu asinywe wala kuoga. Baadaye mwaga yote, jaza upya, na usiruhusu matumizi mpaka klorini imerudi katika kiwango cha kunywa. Katika siku za kawaida klorini kwenye robine ibaki kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita.

Klorini isikutane kamwe na siki, asidi ya kusafishia choo au dawa nyingine yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayoharibu mapafu papo hapo, na nimemwona kijana akitolewa chumba cha pampu akikohoa bila kupata pumzi kwa kosa la namna hiyo.

Hatua ya tano: dushi na vyumba vitupu

Fungua kichwa cha dushi cha chumba kilichokaa mwezi bila mgeni, kigeuze, na upitishe kidole ndani. Juu utakuta ganda jeupe la chokaa, na chini yake utelezi wa kahawia unaovutika kama mlenda. Maji ya mgeni wa kesho yatapita humo na kuvunjika kuwa ukungu mbele ya uso wake.

Kila miezi mitatu vichwa vyote vivuliwe, vilowekwe katika siki usiku kucha ili chokaa iachie, visuguliwe, visuuzwe vizuri kwa maji mengi mpaka siki iishe, ndipo vilowekwe kwa muda wa saa moja katika maji yenye klorini ya miligramu 50 kwa lita. Mpangilio huu usigeuzwe wala kuchanganywa, kwa sababu ya gesi niliyoitaja.

Kila juma, siku ileile, mfanyakazi mmoja aingie katika kila chumba kisichokuwa na mgeni na afungulie maji baridi kwa dakika 3, halafu ya moto kwa dakika 3. Asisimame chini ya dushi akiyatazama. Afunike kichwa cha dushi kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa pembe moja ili maji yashuke bila kuruka, afungue dirisha, kisha atoke. Mfanyakazi mwenye pumu, kisukari au anayevuta sigara asipewe kazi hii. Ni kazi ndogo kuliko zote katika mwongozo huu na ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa kuwa hakuna mgeni anayelalamikia chumba ambacho hajalala.

Hatua ya sita: jakuzi

Hapa nitakaa zaidi, kwani kama ningeombwa kuifunga sehemu moja tu ya hoteli isiyoweza kutunzwa, ningeifunga jakuzi.

Maji yake huwa kati ya digrii 35 na 40, joto ambalo bakteria angelichagua mwenyewe. Hewa husukumwa ndani yake na kurusha matone usawa wa pua za waogaji. Joto na povu hufukuza klorini haraka. Na maji ni machache: pisini ya lita 75,000 inazidi jakuzi ya lita 1,500 mara 50, kwa hiyo watu wanne ndani ya jakuzi hiyo wanaichafua kama watu 200 walioingia pisini pamoja. Dawa iliyotiwa asubuhi inaweza kuwa imekwisha kabla ya saa sita.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya wageni kwa ajili ya pampu ya jakuzi iliyopiga kelele. Maji yalikuwa maangavu, unaona vigae vya chini mmoja mmoja. Nilipovua kifuniko cha tundu la hewa na kuingiza burashi ya chupa, ilitoka na ute wa kijivu mzito kama uji, ukifuatana kipande kwa kipande. Kipimo cha klorini kilibaki cheupe. Kijana wa zamu alinieleza kwa unyoofu kwamba hutia kikombe kimoja cha dawa kila jioni, kama alivyofundishwa na aliyemtangulia, na kwamba hakuna aliyewahi kumpa kipimo. Sikumlaumu yeye.

Klorini huru katika jakuzi isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita wala isizidi 10, na kama mnatumia bromini iwe kati ya 4 na 8. Katika pisini ya kawaida klorini isishuke chini ya 1. Pima kabla ya kufungua, kisha kila baada ya saa 2 watu wakiwa wanatumia. Matokeo yakiwa chini, watu watoke kwanza, ndipo dawa itiwe. Joto lisizidi digrii 40.

pH ikae kati ya 7.0 na 7.8, na mimi huilenga 7.2 hadi 7.4. Sababu ni hii: kwa pH ya 7.5 nusu ya klorini huwa katika umbo linaloua bakteria, na kwa pH ya 8 hubaki karibu robo tu, ingawa kipimo chako kitaonyesha namba ileile. Fundi asiyepima pH anaweza kuwa na klorini 4 iliyo na nguvu ya 1. Vidonge vyenye kiimarishi (dawa ya kuikinga klorini na jua), vile vinavyouzwa kwa ajili ya pisini za juani, visitiwe katika jakuzi, kwa kuwa kiimarishi hujilimbikiza na kuifunga klorini.

Maji yabadilishwe kwa hesabu, hata kama macho hayaoni uchafu. Gawanya lita kwa 12, kisha gawanya tena kwa wastani wa waogaji kwa siku. Jakuzi ya lita 1,500 inayotumiwa na watu 10 kwa siku inafikia siku 12. Kwa biashara yenye delestaji, mimi hushauri kila juma bila kuhesabu. Ikiwa tupu, kuta zote zisuguliwe, vifuniko vya matundu vivuliwe, burashi ipitishwe ndani ya mabomba ya hewa kadiri inavyofika, na chujio lisafishwe au libadilishwe. Waogaji waoge kwa sabuni kabla ya kuingia, maana mafuta ya mwilini hula klorini kabla ya bakteria.

Umeme ukikatika, pampu husimama, maji hubaki na joto, klorini haizunguki. Watu watoke. Umeme ukirudi, maji yazunguke, klorini na pH zipimwe, ndipo waingie tena. Jenereta isiyotosha kuendesha pampu ya jakuzi haitoshi kuiweka jakuzi wazi.

Pisini ya nje yenye maji baridi ina hatari ndogo zaidi ya lejionela, ila kanuni ni zilezile. Sauna kavu haina ukungu wa maji, kwa hiyo haimo katika hofu hii. Chemchemi ya mapambo mbele ya mapokezi imo, hasa ikiwa na taa zinazoyapasha maji joto.

Daftari

Kila kipimo kiandikwe siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, joto, klorini, pH, kilichofanywa, na jina la aliyepima. Daftari likae karibu na jakuzi pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nikikuta ukurasa mzima wenye namba ileile kwa mwandiko uleule na wino uleule, najua uliandikwa mara moja kwenye kiti.

Kwa anayekwenda kuoga

Unapoingia chumba cha hoteli, fungulia dushi ikiwa imeelekezwa chini, toka bafuni dakika chache na ufunge mlango, kisha urudi. Kabla ya jakuzi, gusa ukuta wake chini ya maji: ukiteleza kwa vidole, usiingie. Omba kuonyeshwa daftari la vipimo. Ukiwa na kisukari, ugonjwa wa mapafu au umri mkubwa, na daftari halipo, pumzika mbali na povu lake, kwa maana kukaa kando kumekwisha kuua watu.

Mtu akiugua

Mwenye homa na kikohozi ambaye katika siku 14 zilizopita alilala hotelini, alitumia jakuzi au alilazwa hospitalini, amwambie daktari hivyo kwa maneno yake mwenyewe hata kama hajaulizwa. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini kikiwa hasi, au mgonjwa akizidi kukosa pumzi, lejionela ifikiriwe. Amoksisilini na seftriaksoni hazimfikii bakteria aliyejificha ndani ya chembe za mwili. Zinazomfikia ni kama azitromisini, levofloksasini na doksisiklini, na daktari ndiye wa kuchagua na kupanga kiasi. Kuna kipimo cha mkojo kinachotambua aina inayoongoza kwa kusababisha ugonjwa huu, ingawa si kila maabara inacho, na jibu hasi halifuti ugonjwa, kwa hiyo tiba isingoje jibu.

Mwenye hoteli akipashwa habari kwamba mgeni wake ana nimonia ya namna hii, aifunge jakuzi na dushi za upande huo saa hiyohiyo, aiarifu ofisi ya zone ya afya, na asimwage maji wala kutia klorini kabla sampuli haijachukuliwa, kwani akifanya hivyo kwa hofu atakuwa amefuta ushahidi wa chanzo na wageni wa vyumba vingine hawatajua kama wako salama. Baada ya sampuli, jakuzi imwagwe, isuguliwe, chujio libadilishwe, ijazwe upya na kutiwa klorini hadi miligramu 20 kwa lita. Maji yazunguke saa moja matundu ya hewa yakiwa yamefungwa, kisha kwa muda wa saa 9 yakiwa wazi ili dawa ipite hata katika mabomba ya hewa, chumba kikiwa hakina mtu na madirisha yakiwa wazi. Klorini ipimwe mara kwa mara na kuongezwa ili isishuke chini ya 20 katika saa hizo 10. Ndipo imwagwe tena, ijazwe, irudishwe kwenye kiwango cha kawaida, na ibaki imefungwa mpaka sampuli ya pili itoke maabara bila lejionela.